Sauti Italala Wapi? Usalama wa Utafiti Katika Maombi ya Ufadhili wa Serikali: Mfano wa Simulizi za Molo

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo wengi wetu katika taaluma ya fasihi simulizi hulichukulia kuwa la watu wa maabara, nalo ni usalama wa utafiti. Mwanafunzi anapojaza fomu ya kuomba fedha za utafiti kutoka serikalini, hufika mahali anapotakiwa aeleze atakavyoikusanya data, atakakoihifadhi, watakaoruhusiwa kuifikia, na itakakoishia utafiti ukikamilika. Mwenzetu wa kemia hujaza kurasa mbili. Sisi wa Kiswahili huandika sentensi moja: "Data itahifadhiwa kwa usiri." Nami niliiandika sentensi hiyo hiyo katika ombi langu la kwanza. Ombi lilirudi likiwa na swali fupi pambizoni, limeandikwa kwa kalamu: "Usiri upi?" Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nilikiri nafsini mwangu kwamba sikuwa na jibu.

Nitaeleza sheria zinadai nini, kwa kuwa wengi tunazisikia tu bila kuzisoma. Hata hivyo, sehemu kubwa ya makala nitaitumia kwenye suala ambalo sheria hazikulimaliza: namna mtafiti wa fasihi simulizi, ambaye kazi yake ni kuwatambulisha mafanani, anavyoweza wakati huo huo kuwaficha.

Uwanja wa utafiti

Molo ni mji wa baridi. Anayetoka Nakuru kwenda huko hupanda kupitia Njoro na Elburgon, na kadiri apandavyo ndivyo mashamba ya viazi yanavyoongezeka na ndivyo makoti yanavyokuwa mazito. Watu wa mbali huijua Molo kwa kondoo wake, na wazee bado husimulia enzi ambapo pareto ililipia karo za shule. Lakini msomi anapolitaja jina hilo katika semina, kinachokuja akilini mwa wasikilizaji si kondoo. Ni mwaka wa 1992, wakati mapigano ya kikabila yalipowang'oa maelfu ya watu makwao kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya chama kimoja. Ni miezi ya mwisho ya 2007, ambapo nyumba za Kuresoi na Molo zilikuwa zikiteketea hata kabla ya kura kupigwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwezi wa Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa kote nchini katika ghasia zilizofuata uchaguzi huo.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu nyimbo na simulizi za watu waliopitia kipindi hicho. Fanani wangu wa kwanza nitamwita Nyanya. Kijiji chake sikitaji, wala kabila lake, wala idadi ya watoto wake. Msomaji atakayefika mwisho wa makala ataelewa kwa nini. Nilimkuta akimenya viazi. Nilijitambulisha, nikamwonyesha barua zangu zenye mihuri, nikakitoa kinasasauti. Alikitazama kwa muda, kisha akasema:

"Kijana, kuimba nitaimba. Lakini hiyo sauti yangu italala wapi usiku wa leo?"

"Chuoni, nyanya."

"Chuo kina mlango?"

"Kina."

"Na ufunguo anao nani?"

Ni swali lile lile la pambizoni, ila Nyanya aliliuliza kwa Kiswahili chepesi zaidi.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo nilikuwa mwangalifu. Sikuwa. Majuma matatu baadaye niliingia katika duka moja la saiba kuchapisha fomu, nikachomeka flashi yenye rekodi zangu zote, nikalipa, nikatoka bila hiyo flashi. Nilikumbuka nikiwa nimefika nyumbani, giza limeshaingia. Asubuhi nilimkuta mwenye duka ameiweka kwenye droo pamoja na nyingine za wateja wasahaulifu kama mimi, naye akanirudishia kwa tabasamu. Hakuna baya lililotokea. Lakini faili zangu zilikuwa na majina ya watu, majina ya vijiji vyao na mwaka wa tukio walilosimulia, yote yakisomeka waziwazi hata bila faili kufunguliwa. Yeyote aliyeitazama flashi ile usiku huo alikuwa na orodha kamili ya nani kasema nini kuhusu nani.

Sheria zinadai nini

Kwanza, leseni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 ndiyo iliyounda Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo sote tunaijua kwa kifupi cha NACOSTI. Hakuna anayeruhusiwa kufanya utafiti nchini bila leseni ya Tume hiyo, na kukiuka sharti hilo ni kosa linaloweza kumtia mtu gerezani. Kabla ya kutoa leseni, Tume hutakiwa kuridhika kwamba utafiti una manufaa kwa nchi na kwamba hautadhuru mazingira wala usalama wa taifa. Leseni hutolewa kwa mradi, mahali na muda uliotajwa tu. Haiwezi kupewa mtu mwingine, wala haimruhusu aliyeipata kuhamisha vifaa vya utafiti kwenda kwingine. Ripoti ya mwisho hudaiwa katika muda wa mwaka mmoja tangu utafiti ukamilike. Aidha, mtafiti huwajibika kujitambulisha kwa wakuu wa kaunti kabla ya kuanza kazi.

Pili, fedha. Sheria hiyo hiyo ya 2013 ndiyo iliyoanzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, ikaagiza kwamba kila mwaka itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa, na kwa hiyo ushindani ni mkali. Ombi lisilo na kibali cha maadili na maelezo ya kuridhisha kuhusu data hutupwa mapema ili lililo bora libaki. Ninalisema hili kwa wanaodhani kwamba sehemu ya data ni mapambo ya fomu.

Tatu, na hapa ndipo sisi wa fasihi tunapaswa kukaa zaidi, ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo. Sheria hii inatambua aina ya data inayoitwa nyeti, na miongoni mwa yaliyoorodheshwa humo ni asili ya mtu kikabila, imani yake, afya yake, mali yake na habari za familia yake. Hebu msomaji atafakari simulizi moja tu ya mtu aliyefukuzwa shambani. Atataja kabila lake, atataja shamba, atataja mume aliyeuawa, atamtaja Mungu aliyemwokoa. Simulizi nzima ni data nyeti tangu paukwa hadi tamati! Sheria haikatazi utafiti. Kifungu cha 53 kinauruhusu utafiti wa kihistoria na wa kitaaluma mradi matokeo yasichapishwe kwa namna itakayomfichua mhusika. Vilevile data nyeti haitakiwi kuvushwa mipaka bila ridhaa ya mwenyewe na kinga za kutosha. Wengi wetu huivusha kila siku bila kujua: mwanafunzi anayehifadhi rekodi zake katika akaunti ya bure ya mtandaoni huenda ameziweka kwenye mitambo iliyo nje ya nchi, na anayemtumia msimamizi wake sauti ya fanani kwa WhatsApp amekwisha kuacha nakala mahali asipopajua.

Katika nchi tajiri, msemo wa usalama wa utafiti una maana tofauti kidogo. Marekani ilitoa agizo la rais kuhusu suala hili mnamo Januari 2021, Canada ikatoa sera yake kuhusu teknolojia nyeti Januari 2024, na Baraza la Umoja wa Ulaya likafuata kwa pendekezo lake mnamo Mei 2024. Hofu yao kubwa ni ujuzi wa kiteknolojia kuibwa na mataifa hasimu. Mwanafunzi wetu atakayeshirikiana na chuo cha huko atakutana na fomu hizo, naye atashangaa kuulizwa kuhusu vyanzo vyote vya fedha zake na uhusiano wake na taasisi za kigeni. Ajibu kwa ukweli, basi. Suala la Molo liko kwingine.

Usalama wa nani?

Neno usalama lina historia yake nchini Kenya. Katika enzi ya Rais Moi, barua za kuruhusu utafiti zilikuwa zikitoka Ofisi ya Rais, na mtafiti alijua kwamba anayempa ruhusa ndiye huyo huyo anayemtazama. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, alikuwa ametumia miaka mingi kukusanya nyimbo na kumbukumbu za Mau Mau. Alikamatwa mwaka wa 1982, karatasi zake za utafiti zikachukuliwa na polisi, naye akafungwa miaka sita kwa shtaka la kumiliki chapisho la uchochezi. Tangu hapo mambo yamebadilika. Katiba ya mwaka wa 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 33 inautaja uhuru wa utafiti wa kisayansi pamoja na uhuru wa kitaaluma. Hata hivyo, ngazi za ruhusa bado ni zile zile: kamishna wa kaunti, naibu wake, chifu, naibu wa chifu, hadi mzee wa Nyumba Kumi. Kila mmoja anapopiga muhuri au kutikisa kichwa, hujua unaelekea nyumba gani. Siwalaumu, baadhi yao walinisaidia mno. Ninachosema ni kwamba barua inayomlinda mtafiti ndiyo inayomwonyesha fanani, na hili halina budi kuandikwa katika ombi kama hatari, pamoja na njia ya kuipunguza. Mimi hutembelea nyumba nyingi kuliko ninazorekodi, ili anayehesabu nyayo zangu asijue ni ipi iliyosema.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Sheria yetu ya Ushahidi inalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Mtafiti na fanani wake hawamo. Mahakama ikiitisha rekodi, ahadi yako ya usiri haina nguvu ya kuizuia.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali, Chuo cha Boston nchini Marekani. Kuanzia mwaka wa 2001 hadi 2006, mradi wa historia simulizi wa chuo hicho uliwarekodi waliokuwa wapiganaji wa pande mbili za mgogoro wa Ireland ya Kaskazini. Waliahidiwa kwamba kanda zao hazitafunguliwa kabla hawajafa. Mkataba baina ya chuo na mkurugenzi wa mradi ulikuwa na maneno machache ya tahadhari, kwamba ahadi hiyo ingetimizwa kwa kadiri sheria ya Marekani itakavyoruhusu. Fomu waliyopewa wasimulizi haikuwa na maneno hayo. Mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza iliziomba kanda kupitia mkataba wa kusaidiana kisheria, na mwaka wa 2013, baada ya mvutano mahakamani, baadhi yake zilikabidhiwa polisi wa Ireland ya Kaskazini. Mnamo Aprili 2014 Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, alikamatwa na kuhojiwa kwa siku kadhaa, kisha akaachiliwa. Mzee mmoja, Ivor Bell, alishtakiwa kutokana na kanda hizo. Mwaka wa 2019 mahakama ilikataa kuzitumia kama ushahidi, kesi ikaanguka. Kwa miaka minane watu waliosimulia kwa imani waliishi kwa hofu kwa sababu ya maneno machache yaliyokosekana katika fomu.

Nasi tuna bahasha yetu. Tume ya Waki haikuyachapisha majina ya washukiwa wakuu. Iliyatia katika bahasha, ikamkabidhi Kofi Annan, naye akaipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mnamo Julai 2009. Kesi zilizofuata hazikufika kwenye hukumu. Ya mwisho ilisitishwa Aprili 2016, na mmoja wa majaji aliandika wazi kuhusu kuingiliwa kwa mashahidi. Mtu wa Molo aliyeyasikia hayo redioni hahitaji mhadhara kuhusu uzito wa jina kuandikwa karatasini.

Tatizo la fanani asiye na jina

Hapa ndipo taaluma yetu inapogongana na fomu. Tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba kipera cha fasihi simulizi hakikamiliki bila muktadha: nani alikitamba, ana umri gani, mahali gani, mbele ya hadhira ipi, siku gani. Watangulizi wetu tunawalaumu, na tuna haki, kwa kuchapisha ngano za watu bila kuwataja watambaji, kana kwamba ngano huota zenyewe kama uyoga. Fanani ni msanii. Kumnyima jina ni kumdhulumu. Sasa fomu inaniagiza nimnyime.

Zaidi ya hayo, kulifuta jina hakutoshi. Simulizi ina alama nyingi za mwenyewe. Lafudhi humtaja. Jina la mto humtaja. Kiitikio ambacho huimbwa na ukoo mmoja tu humtaja kwa sauti kubwa kuliko kitambulisho. Nikibadilisha jina la mto ili nimfiche, huenda nimevunja mizani ya wimbo, au nimeua tashtiti iliyojengwa juu ya jina hilo. Kuna ubeti katika data yangu ambao ucheshi wake wote, tena ni ucheshi mchungu, uko katika jina la mlima. Nimeutoa ubeti huo katika tasnifu. Msimamizi wangu anaona nimepoteza ubeti bora kuliko yote. Nadhani ana haki, na bado nimeutoa.

Msamiati nao una hatari yake. Neno madoadoa, ambalo katika kamusi halina kosa lolote, katika Bonde la Ufa lilitumiwa kuwaita watu waonekanao kuwa wageni katika ardhi, na mwaka wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki. Uchochezi wa kikabila ni kosa chini ya sheria ya mwaka wa 2008. Mtafiti wa lugha anaporekodi mzee akikumbuka jinsi alivyolitamka neno hilo jukwaani miaka hiyo, hajarekodi tamathali ya usemi pekee. Ameshika kitu kinachoweza kuitwa ushahidi. Mzee huyo ajulishwe hivyo kabla kitufe hakijabonyezwa.

Niliyoyaandika katika ombi la pili

Nilianza na fomu ya ridhaa. Sikuwa nimetambua kwamba fomu zilizotiwa saini, zikiwekwa pamoja katika folda moja, ndizo orodha hatari kuliko zote. Kamati ya maadili inaweza kuombwa ikubali ridhaa ya mdomo, iwapo mtafiti ataeleza sababu, niliomba, nikaeleza. Maelezo ninayowasomea mafanani sasa yana sentensi ambayo Boston waliisahau: kwamba nitailinda sauti yao kadiri ya uwezo wangu, lakini mahakama ikiagiza huenda nisiweze kukataa. Watu wawili waliposikia hayo walikataa kurekodiwa. Nimeitaja idadi hiyo katika ombi bila aibu.

Kila rekodi ina nambari badala ya jina. Daftari linalounganisha nambari na majina ni moja, la karatasi, halijawahi kuingia katika kompyuta, na halikai Molo wala katika chumba kimoja na rekodi. Faili zimefungwa kwa nywila kwenye diski mbili, moja ikiwa kwa msimamizi, ambaye hana daftari. Simu haitumiki kurekodi, kwa kuwa simu za siku hizi hujipelekea nakala mtandaoni zenyewe. Rekodi huhamishwa kutoka kinasasauti siku hiyo hiyo na kufutwa humo. Nimeeleza pia itakavyokuwa nikiugua au nikifa, jambo lililomchekesha mwenzangu mmoja mpaka nikamwuliza kanda zake ziko wapi.

Kuhusu jina la fanani, nimeacha kuamua kwa niaba yake. Namwuliza kwa kila kipera, si mara moja kwa utafiti mzima. Nyanya alinitambia hadithi mbili za sungura, akaniimbia bembezi moja na wimbo mmoja wa mavuno. Hizo alitaka zichapishwe kwa jina lake kamili, akanisisitizia niliandike sawasawa. Alinitamkia herufi kwa herufi. Kwa simulizi ya mwaka wa 1992 alisema niandike "mwanamke mmoja". Tatizo ni kwamba asomaye vipera vyote katika tasnifu moja ataunganisha mtindo na mtindo na kumjua mwanamke huyo. Kwa hiyo nimegawa kazi: nyimbo na ngano zitakwenda katika mkusanyo wa peke yake wenye majina, nazo simulizi zitabaki katika tasnifu isiyo na hata jina la kata. Mkusanyo huo nimeuombea fedha kama zao la pili la mradi.

Lililobaki bila ufumbuzi ni sauti yenyewe. Maandishi naweza kuyaficha; sauti ya Nyanya, yenye mkwaruzo ambao kijiji kizima kinaujua, siwezi. Ombi linauliza kama rekodi zitawekwa katika hifadhi ya umma utafiti ukiisha, kwa kuwa fedha ni za umma. Nilirudi kumwuliza. Aliuliza kwanza kama mtoto wa mtu aliyemtaja katika simulizi anaweza kuingia katika hifadhi hiyo na kusikiliza. Nikasema ndiyo, mtu yeyote anaweza. Akasema tungoje mpaka yeye awe amekufa, na mtoto huyo pia. Katika nafasi ya tarehe ya kufunguliwa kwa rekodi, ambapo fomu inataka mwaka, niliandika maneno hayo, nikaambatisha barua ya kuyaeleza.